Watafiti wetu hukaribishwa bajeti ikishafungwa

Huku Ulaya, daktari wa mifugo na daktari wa binadamu wanaweza kufundisha chuo kimoja miaka kumi wasijuane hata majina. Kwetu Tanzania, mganga mkuu wa wilaya na daktari wa mifugo wako chini ya mkurugenzi mmoja wa halmashauri. Kwa homa ya Bonde la Ufa, ukaribu huo ni mtaji. Mvua kubwa huamsha mayai ya mbu yaliyolala ardhini, mifugo hutupa mimba, kisha wafugaji na wachinjaji huugua. Katika mlipuko wa 2006–2007 uliopiga Kenya, Somalia na Tanzania, wanaosoma picha za setilaiti waliona hatari kabla wagonjwa hawajaanza kufika wodini.

Tunachokosa tukiingia mradi wa utafiti wa pamoja ni maandishi. Mradi wa kawaida wa Horizon Europe, mfuko wa utafiti wa Umoja wa Ulaya, hudai angalau taasisi tatu huru kutoka nchi tatu, na washirika husaini mkataba wa ndani: nani anamiliki data, nani ataandika makala, nani ataamua mkibishana. Sisi husaini hati ya maelewano ya kurasa mbili, tukapiga picha, basi. Bajeti hutufikia ikiwa imeshafungwa. Na hapo angalieni gharama za uendeshaji, yaani umeme, ofisi na mengine yasiyo ya mradi moja kwa moja: Horizon hulipa 25% juu ya gharama za moja kwa moja; Wamarekani wa NIH, taasisi zao za taifa za afya, kwa miaka mingi walizipa taasisi za nje 8%, huku vyuo vyao vingi vikichukua zaidi ya 50%. Dizeli ya jenereta inayolinda friji ya sampuli anailipa nani?

Data ndiyo huvunja miradi mingi, na huvunja kimya kimya. Zahanati huandika jina la kituo, watu wa mifugo huandika kijiji, watu wa hali ya hewa wana kituo cha mvua. Kuunganisha kwa jina la kata hakufai, maana kata na wilaya hugawanywa kila mara. Chagueni misimbo ya maeneo ya sensa ya mwaka mmoja, mfano 2022, na kila fomu ichukue GPS. Tarehe iandikwe 2025-03-04, la sivyo Mmarekani ataisoma Aprili 3 pale mlipoandika 04/03. Saa nayo: mfugaji akisema saa mbili asubuhi, msaidizi asiyeelekezwa huingiza 02:00, na mbu wa asubuhi wanageuka wa usiku wa manane. Kabla ya fomu ya kwanza andikeni kamusi ya data: jina la kila safu, kipimo chake, na kinachoandikwa jibu likikosekana. Sifuri isimaanishe “hatukupima”.

Sampuli zikilazimika kusafiri, anzeni vibali mapema: cha maadili kutoka NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba), cha mtafiti mgeni kutoka COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia), na mkataba wa kuhamisha sampuli. Barafu kavu huyeyuka kuwa hewa kilo kadhaa kwa siku, kwa hiyo tumeni Jumatatu. Mzigo wa Alhamisi hukwama forodhani hadi wikiendi iishe. Kwa maoni yangu, kipimo kinachoweza kufanyika Morogoro kisipande ndege.

Halafu mratibu. Huku hiyo ni ajira yenye mshahara. Kwetu hubebeshwa mwanafunzi wa uzamili bila malipo, na akihitimu nywila zote huondoka naye.