Mistari miwili kwa mtu asiye na virusi

Mwaka 2007, pale Muhimbili, askari polisi wa Dar es Salaam walianza kuchanjwa chanjo ya VVU iliyokuwa bado kwenye majaribio. Walikuwa 60, wote wazima wa afya, wote walishapimwa na kuonekana hawana virusi. Arobaini walipewa chanjo yenyewe na 20 wakapewa maji ya chumvi, bila wao wala waliowahudumia kujua nani kapata nini. Hadi leo, ukilitaja jaribio lile mbele ya watu, utajibiwa: “Si wale waliodungwa virusi waonekane kama watapona?”

Hapana. Hakuna aliyedungwa virusi, na hakuna kamati ya maadili ambayo ingeruhusu kitu hicho. Walichopewa kwanza ni vipande vya vinasaba vilivyonakiliwa maabara kutoka sehemu chache za VVU, vipande ambavyo hata ukiviunganisha vyote havitoi kirusi kizima. Baadaye wakaongezewa chanjo ya pili, iliyobebwa na kirusi dhaifu cha ukoo wa chanjo ya ndui, ambacho hakiwezi kuzaliana mwilini mwa binadamu. Kilichokuwa kinatafutwa katika hatua hiyo ni kama chanjo inamdhuru mtu na kama mwili unaitambua. Kama inazuia maambukizi, hilo linaulizwa miaka mingi baadaye, kwa maelfu ya watu.

Nadhani lugha yetu nayo ina sehemu yake katika hofu hii. Jaribio na majaribu ni ndugu wa karibu. Ukimwambia mama mkwe kwamba binti yake yumo kwenye jaribio la chanjo ya Ukimwi, anachosikia ni kwamba ameingizwa majaribuni.

Swali lenye uzito zaidi ni kwa nini wachaguliwe wazima. Mgonjwa angalau ana cha kutarajia. Huyu mzima anapata nini? Jibu ni kwamba chanjo ni dawa ya asiyeumwa. Itakapofaulu, watakaochanjwa ni vijana wazima wa Temeke na Kinondoni, kwa hiyo usalama wake lazima upimwe kwenye miili kama yao. Aliye na virusi tayari ana kingamwili zake, yaani silaha ambazo mwili umejitengenezea dhidi ya virusi, na ana dawa zake, na ukimchanja hutajua kilichotoka kwenye chanjo na kilichotoka kwenye ugonjwa. Mjitoleaji wa hatua ya awali haahidiwi kinga yoyote, na ni lazima aambiwe hivyo kabla hajaweka saini.

Lakini alichotupatia si kidogo. Kundi moja la waliochanjwa lilipewa miligramu 1 ya chanjo ile ya kwanza ndani ya ngozi, jingine miligramu 3.8 kwenye msuli, kwa kifaa kinachosukuma dawa bila sindano. Akili ya kawaida inasema dozi kubwa ndiyo yenye nguvu. Matokeo yakawa kinyume: baada ya nyongeza, waliochanjwa kwenye ngozi kwa dozi ile ndogo waliitikia vizuri zaidi sehemu ya ganda la virusi. Baada ya chanjo tatu za mwanzo, 22 kati ya 38 waliopimwa walikuwa wameonyesha mwitikio wa mwili. Wiki mbili baada ya nyongeza ya kwanza, wote 35 waliopimwa walionyesha. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ya maabara ilifanyika hapa hapa Muhimbili, na matokeo yakachapishwa Mtanzania, Muhammad Bakari, akiwa mwandishi wa kwanza. Kwa wanaosema Waafrika ndio huanziwa: chanjo hizo zilikwisha kujaribiwa Stockholm, kwa Waswidi 40, kabla hazijafika Dar es Salaam.

Wanaopinga nao wana hoja ambazo si za kijiweni. Askari amezoea amri. Akiitwa na mkubwa wake kusikiliza semina ya chanjo, uhuru wake wa kusema hapana uko wapi? Ni swali la haki. Ninachoweza kusema ni kwamba wapo waliokataa, tena waliokwisha kufaulu vipimo vyote. Watafiti walipowauliza sababu, walitaja hofu ya madhara yasiyojulikana, maneno ya wazazi, wenza na marafiki, na kwa wanawake, sharti la kuahirisha ujauzito. Hizo ni sababu za watu waliojiamulia wenyewe.

Hoja ya pili ni nzito kuliko hiyo. Watu 40 hawawezi kukuonyesha dhara linalompata mmoja kati ya elfu. Septemba mwaka huo huo wa 2007, jaribio kubwa la STEP, la chanjo ya kampuni ya Merck, lilisimamishwa, na uchambuzi ukaonyesha kwamba baadhi ya wanaume waliochanjwa, hasa wasiotahiriwa na waliokuwa na kingamwili za kirusi kilichotumika kuibeba chanjo, waliambukizwa zaidi kuliko waliopewa chanjo bandia. Chanjo hiyo ilikuwa imepita hatua ya awali salama. Anayesema “hatua ya kwanza imethibitisha usalama” anasema zaidi ya anachokijua. Ndiyo maana hatua hiyo huchagua watu ambao maisha yao hayawaweki karibu na maambukizi, na kila kundi linalofuata huongezwa taratibu.

Lakini kuna mzigo mmoja ambao pande zote mbili zinaupita haraka, na mimi siwezi kuupita. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 uliwaangalia watu 2,176 waliojitolea katika majaribio ya HVTN, mtandao wa kimataifa wa kujaribu chanjo za VVU. Watu hao hawakuwa na VVU. Kati yao, 908 walipimwa kwa vipimo vya kawaida vya kingamwili na majibu yakaonyesha wana VVU. Ni zaidi ya watu 41 katika kila 100. Kiwango hutegemea aina ya chanjo na aina ya kipimo, lakini chanzo ni kimoja: chanjo imeufundisha mwili kutengeneza kingamwili, na kipimo cha haraka kinatafuta kingamwili hizo hizo, si virusi vyenyewe.

Iweke hesabu hiyo Dar es Salaam. Mama mjamzito anaenda kliniki ya kwanza, anapimwa, mistari miwili, alama ya kuwa na VVU. Wachumba wanatakiwa kupima kabla ya ndoa, mistari miwili. Kijana anataka kumchangia damu mjomba wake, damu inakataliwa na kaka zake wako nje ya mlango wanasubiri kujua kwa nini. Watatu hao hawana virusi. Walichokuwa nacho ni moyo wa kujitolea, na sasa inabidi wamweleze muuguzi mwenye foleni ya watu hamsini jambo ambalo huenda hajawahi kulifundishwa. Kingamwili hizo zinaweza kukaa miaka, wakati ofisi ya mradi imeshafungwa na simu iliyoandikwa kwenye fomu ya ridhaa haipokelewi. Kipimo kinachotafuta virusi vyenyewe kipo na kinamaliza ubishi. Mjitoleaji anachohitaji ni mtu wa kumfanyia bila kumlipisha wala kumtilia shaka, hata mradi ukiwa umekwisha.

Hili kwangu si sababu ya kuacha. Ripoti ya taifa ya 2022–2023 ilikadiria maambukizi mapya takriban 60,000 kwa mwaka kati ya Watanzania wenye umri wa miaka 15 na kuendelea. Sindano ya lenacapavir, dawa ya kuzuia maambukizi inayodungwa kila miezi sita, imefanya vizuri mno: katika jaribio lililotolewa matokeo 2024 nchini Afrika Kusini na Uganda, hakuna hata mmoja kati ya wanawake 2,134 waliopewa aliyeambukizwa. Lakini mtu anayetakiwa kurudi kila miezi sita maisha yake yote bado anahitaji chanjo. Ni kweli jaribio la chanjo za VVU liitwalo PrEPVacc, lililofanyika Dar es Salaam na Mbeya pamoja na Uganda na Afrika Kusini, lilisitisha kuchanja Novemba 2023 kwa kukosa dalili za mafanikio. Bila waliojitolea, tungekuwa bado tunazitumaini chanjo hizo.

Kwa hiyo kijana atakayeketi tena Muhimbili na karatasi ya ridhaa mkononi, asiogope kudungwa virusi. Aulize hili, na asitie saini hadi ajibiwe kwa maandishi: nikipimwa miaka 15 ijayo, mradi umekwisha, ikaonekana mistari miwili, naenda dirisha gani?