Umehamia juu ya baa, halafu unataka usingizi?

Ijumaa nilimpeleka binamu yangu, mgeni kutoka Dar, akaone shoo West End, eneo la kumbi za maigizo hapa London. Tiketi zetu zilikuwa za kule juu kabisa, waigizaji unawaona utosi tu. Shoo ikaisha saa nne na nusu, jamaa ana hamu ya kuiona Soho, mtaa wa baa na muziki aliousikia tangu yuko sekondari. Tukapata baa, tukasimama nje na glasi kama watu wengine, saa tano kasoro baunsa huyo: ingieni ndani, majirani wanalala. Muda si mrefu kengele ikalia, viti vikaanza kupandishwa mezani.

Binamu akaniuliza, "Kwani kuna msiba?"

Mtu ametoka Sinza, ambako saa hizo ndio kwanza jiko la mishikaki linakolea, halafu mimi nimekaa miaka yote namtambia London London!

Majirani wanalala. Sawa, lakini nani alimtangulia mwenzake? Soho ilikuwa na muziki kabla hawa hawajazaliwa, klabu ya jazi ya Ronnie Scott's imefunguliwa 1959. Wewe umeoneshwa nyumba, dalali amekusifia uchangamfu wa mtaa, umelipa mamilioni kwa ajili ya huo huo uchangamfu, wiki ya pili unaandikia halmashauri barua kwamba watu wanacheka dirishani kwako. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Huku mgeni akija mwenyeji anafungishwa virago.

Na dawa inajulikana. Klabu ya Ministry of Sound iko Elephant and Castle, kusini mwa London, tangu 1991, likaja wazo la kujenga ghorofa za makazi ng'ambo ya barabara, wakapigana mpaka 2014 ikakubaliwa kwamba anayenunua pale anazikubali kelele za klabu kisheria, kwa maandishi. Basi! Mwaka 2018 serikali nayo ikaweka kwenye mwongozo wa mipango miji wa England kwamba anayeleta jengo jipya kando ya ukumbi wa muziki ndiye agharamie kuzuia kelele. Safi sana, ila hiyo ni habari ya vibali vya ujenzi, haimzibi mdomo aliyenunua chumba cha zamani juu ya baa, na huyo ndiye anayetutoa barabarani na glasi mkononi.

Haya, nakubali, kuna nesi anaamka alfajiri na kuna walevi wanaokojoa milangoni kwa watu, hao wachapwe faini. Na ukumbi wa muziki wa Astoria uliofungwa 2009 ukabomolewa kupisha reli ya Crossrail, siwezi kuulilia sana maana hiyo reli naipanda kila siku. Lakini treni za usiku za Ijumaa na Jumamosi zipo tangu 2016, sasa mnatusafirisha usiku kucha kwenda wapi kama kila mlango umefungwa?

Mlangoni pale baa pana kibao kinaomba wateja waondoke kimya kimya. Binamu akakipiga picha. Tukaishia kula chipsi kituoni tukisubiri basi, tumezungukwa na watu wa usafi wanaokwenda kuanza zamu, nikamsikia akiwarushia wenzake wa Sinza voisi: "Oyaa, huku wanazimiwa taa kama shule ya bweni."