Nimeinua Gari, Mwenyewe Nikashuka

Kwanza kabisa, ile video inayozunguka imekatwa. Inaanzia pale ambapo tayari nipo chini kwa magoti na viganja, na jirani yangu, Mungu anamwona, kaandika juu yake: "Jamaa anaabudu matairi mapya." Tangu Jumamosi nikipita Vigaeni, hapa Mtwara mjini, watoto wananiuliza kama nimeshamaliza kusali. Ngoja niwasimulie ilivyokuwa, maana nikinyamaza mpaka Ijumaa itasemwa nilikuwa nakula majani.

Hilux yangu mnaijua. Vigo nyeupe, bampa la mbele limeshonwa kwa waya. Haikuwa na tatizo lolote. Mwenye tatizo nilikuwa mimi, na lilinianza mwaka jana kule Msimbati. Waliofika wanaujua ule mchanga: ukisimama tu uipige picha bahari, umekwisha. Nikazama mpaka chesisi. Nipo nachimba kwa mfuniko wa sufuria, wageni wangu wanakula pweza kana kwamba haiwahusu, ikapita pikapu moja ndefuuu, matairi kama ya trekta. Dereva hata hakupunguza mwendo. Alitoa mkono mmoja dirishani akanipungia.

Ule mkono ndio ulionigharimu. Baadaye niliambiwa kwamba ningepunguza upepo kwenye matairi yangu yaleyale ningetoka bila kununua kitu. Baadaye! Sijui kwa nini watu wenye akili huwa hawapiti karibu wakati unachimba.

Korosho zikalipa, nikaenda kwa fundi. Jina simtaji, bado ananidai. Fundi akalizunguka gari mara mbili, akapiga teke tairi la nyuma, akasema: "Bosi, hii tunaipandisha inchi mbili. Mbele tunaweka spesa, kipande cha kuongezea kimo, juu ya shokapu, nyuma tunabana chuma kati ya springi na ekseli, yubolti ndefu, kesho barabara unaitafuta kwa darubini." Matairi nikatoka saizi ya 265/70 nikaingia 285/75, ringi ileile ya 16.

Hapo kuna hesabu ambayo hakuna anayekufanyia wakati umeshika hela mkononi. Tairi limeongezeka kimo inchi mbili na kidogo, lakini gari linapanda nusu yake tu, kwa sababu ile nusu nyingine iko upande wa juu, inaangaliana na madgadi. Na zile inchi mbili za spesa na vyuma zinainua bodi peke yake. Difu ya nyuma, lile bonge la chuma katikati ya ekseli, ambayo ndiyo inayokwama Msimbati, haina habari kama kuna sherehe. Imepanda kile kiinchi cha tairi, basi. Kwa lugha nyingine nimelipa hela yote ile ili mlango uwe mbali na ardhi. Mlango huo mkae nao akilini, tutaurudia.

Nikiwa naondoka, fundi akaniita. "Bosi, na hizi ngazi za pembeni? Zinaua mwonekano." Nikaangalia. Kweli, gari lilikuwa kama simba aliyevaa kandambili. Nikasema toa. Nikazipeleka nyumbani, nikaziegesha kwenye banda, na jioni ileile kuku wangu watatu walishapanda juu wamelala kwa mstari. Kuku walizielewa kazi zake kabla yangu.

Siku tatu nilikuwa mfalme. Nilikwenda Mikindani na kurudi bila shughuli yoyote. Kasoro ilikuwa moja: ukikata usukani mpaka mwisho, tairi linagusa plastiki ya ndani ya madgadi, kinatoka kilio, kwaaaaa! Nikampigia fundi. Akasema, "Itazoea." Hakusema nani atazoea.

Sasa harusi. Mdogo wake mke wangu anaolewa, shughuli inafanyika kwetu, mama mkwe yuko Tandahimba. Mama watoto akasema mama atapanda basi, keshamtumia nauli. Nikajibu kwa sauti ambayo leo nikiikumbuka natamani kujikata ulimi: "Basi? Mama apande basi na mimi nipo?"

Kwa wale wasio wa huku kusini, niwawekeni sawa. Mama mkwe kwetu si mtu wa kukumbatia uwanja wa ndege kama mnavyofanya huko Dar. Wazee wetu walikuwa wakimwona mkwe njiani wanapisha kichakani. Mimi ni wa kisasa, naweza kumwendesha, lakini macho yako barabarani, maneno ni ya kuhesabu, na mkono wangu haujawahi kumgusa hata kidole. Shikamoo yenyewe natoa nimeangalia kandambili zangu.

Nikafika Tandahimba. Nyumba ya mama ina baraza ya juu, ile ya kuanikia korosho. Nikasogeza gari mpaka mlango wa kushoto ukawa usawa wa baraza, na mama akaingia kama anayetoka sebuleni kwenda chumbani. Akajiweka sawa, akasema, "Mkwe, gari lako zuri. Halina usumbufu."

Hiyo sentensi niliilamba njia nzima.

Tulipofika Nanyamba nikauliza kwa adabu, "Mama, tusimame kidogo?" Mama akashusha kioo. Akatoa kichwa. Akaangalia chini muda mrefu, kama mtu anayechungulia kisima. Akapandisha kioo. "Twende tu, mwanangu." Mimi nikajua kanogewa na gari.

Tulipofika Mnivata zikabaki kilometa 50 za lami kufika mjini, nikajiachia. Kwenye kijiji kimoja chenye kibao cha 50 nikashika 50 kamili, mshale umetulia kama umepigwa msumari. Askari huyo, mkono juu. Tochi imesoma 53. Nikaanza kubisha, kumbe mjinga ni mimi: spidomita inahesabu mizunguko tu, haijui kuwa tairi limenenepa na kila mzunguko sasa unameza njia zaidi. Elfu thelathini. Askari alikuwa muungwana, akamwamkia mama, akamwambia ashuke apunge upepo chini ya mwembe wakati naandikiwa. Mama akajibu, "Nipo sawa hapahapa, baba," huku goti lake likitikisika haraka haraka. Mimi nikadhani ananiombea dua.

Wadau, mama alikuwa amebanwa tangu Nanyamba.

Tukaingia nyumbani saa kumi. Watu wamejaa. Matarumbeta yapo, wamama wamejipanga sare ya kitenge cha njano, mpiga video kakaa tayari mlangoni. Nikakata kona ya kuingia uani mpaka mwisho wa usukani, kwaaaaa! Mama kashtuka: "Umemkanyaga mbuzi?" Nikasema hapana mama, ni tairi. Akasema "Aa," ile aa ya mtu anayeanza kuelewa mengi kwa mpigo.

Nikazunguka kumfungulia mlango. Vigelegele vikapanda. Mama akageuka, akatoa mguu wa kulia nje, akaushusha.

Mguu ukashuka. Ukashuka tena. Ukafika pale mguu wa mtu yeyote unapotarajia kukuta kitu, na pale palikuwa na hewa. Ukaanza kuzunguka polepole, unatafuta, kama mwiko ndani ya sufuria kubwa. Kandambili ikamvuka. Nawaapia niliiona ikiondoka kidoleni, ikageuka mara moja hewani, na ilipotua mchangani ikalia *pwa*, na kwa urefu wa kimya kabla ya ile *pwa* kila mtu pale uani alijua nimeinua gari kiasi gani.

Mama amening'inia. Mkono mmoja umeshika mpini wa juu ya mlango, mwingine umeshika mkanda wa kiti, na mkanda unatoka taratibu, krr, krr, krr, kama kamba ya ndoo. Nusu ya mama iko ndani, nusu iko harusini.

Nikapiga hesabu. Nikimdaka, nimemshika mama mkwe kiunoni mbele ya ukoo mzima, na hilo litasimuliwa Tandahimba mpaka mikorosho ife. Nisipomdaka, anaanguka, na hilo nalo litasimuliwa. Nikaita, "Kiti! Leteni kiti!" Dogo mmoja akatoka mbio. Shemeji zangu wawili, wanaume wazima, wana haki zote za kumshika mama yao, wote wameinua simu wanarekodi.

Mama akasema kwa sauti ya chini, ya mimi tu kusikia: "Mkwe. Fanya upesi."

Hapo ndipo akili ikanijia, kama mnaweza kuiita akili. Mikono yangu haina ruhusa, lakini mgongo hakuna aliyeukataza. Nikapiga magoti. Nikaweka viganja chini. Suti yangu mpya, ile ya kijivu. Nikafumba macho kwa heshima, nikamwambia, "Mama, kanyaga."

Kimya. Hata tarumbeta moja lililokuwa limechelewa likakatika katikati. Kisha ule mguu mtupu ukanigusa mgongoni, kwanza dole gumba, linapima, kama mtu anayejaribu maji ya kuoga. Ukaondoka. Nikasubiri. Nikafumbua jicho moja, nikaona pindo la kanga linapepea mbele ya pua yangu, maandishi yamegeuka juu chini, nikayasoma yote maana sikuwa na kazi nyingine: SUBIRA YAVUTA HERI.

Na kutoka juu, mama mkwe akatamka yale maneno ambayo jirani ameyafanya mlio wa simu:

"Mkwe, inuka kidogo."

Yaani gari tumeliinua inchi tatu, na mgongo wangu bado haujazifikia. Nikainuka. Viwiko vikanyooka, kiuno kikapanda juu kama mbuzi anayechungulia ukuta. Mguu ukatua. Halafu wa pili. Halafu mama mzima, na uzito wa mama mkwe hautajwi, ila niseme tu kwamba ile springi ya nyuma tuliyobania chuma sasa naionea huruma kwa undani. Kila pingili ya uti wa mgongo ilijitambulisha kwa jina. Nikasema moyoni usilie, usilie, mwanaume halii. Ikalia suruali. Trrraaa, kuanzia mkandani mpaka nisikokuambieni.

Matarumbeta wakadhani ndiyo ishara ya kuanza. Wakaanza.

Mama akatua. Hakutoa salamu. Hakumwangalia bibi harusi. Akashika kanga yake kwa mikono miwili, kandambili moja mguuni, akakata uani kwa mwendo ambao sikujua anao. Na wale wamama wa sare ya njano, nyie, wakaona huo ndio mtindo wa kuingilia! Wakamfuata kwa vigelegele, wanacheza, matarumbeta nyuma yao, mpiga video anakimbia kinyumenyume mbele. Msafara mzima ukampeleka mama mkwe mpaka mlango wa choo. Ulipofungwa, wakabaki pale nje wanaimba beti mbili zaidi, mpaka mke wangu alipotoka jikoni na upawa mkononi kuuliza mnamfanyia nini mama yangu.

Mimi bado nipo chini. Siwezi kusimama kwa sababu ya suruali, siwezi kukaa kwa sababu ya mgongo. Hapo ndipo alipofika yule dogo wa kiti, mikono mitupu, anahema: "Anko, wanauliza unataka cha plastiki au cha mbao?"

Yaliyobaki ni mafupi. Nilimaliza harusi nimefunga shuka. Bibi harusi kaolewa, pilau lilitosha. Jumatatu nilirudi kwa fundi nikiwa nimebeba ngazi zangu, akazifunga huku anatazama pembeni, mabega yanamtikisika. Plastiki ya madgadi ameikata kwa kisu. Spidomita nimebandika kikaratasi: "ongeza". Faini nimelipa. Spesa sitoi, msiniulize, nimeshachekwa tayari, acha nichekwe nikiwa juu.

Mama amerudi Tandahimba kwa basi. Nilijitolea kumpeleka, ngazi zimerudi, nikazing'arisha kabisa. Akashukuru sana, akapanda basi. Jana kanitumia ujumbe kupitia kwa binti yake, anauliza mgongo unaendeleaje, na kwamba msimu ukifika ana magunia ya kubeba mpaka ghalani, nije na gari. Mke wangu anasema aliongeza kitu kingine lakini alikuwa anacheka, hakusikia vizuri.

Kuku wamehamia kwenye matairi ya zamani. Mmoja ameshaanza kutaga.