Theluji ya Lenana haijui kiangazi

Makala niliyoisoma inasema Januari ni kiangazi, kwa hiyo vijana wetu wa Kisumu wanaokwenda kupanda Mlima Kenya wasiwe na wasiwasi. Ndugu mwandishi, hapo sikubaliani nawe. Lenana, kilele kimojawapo cha mlima huo, ni mita 4,985. Kila ukipanda mita 1,000 joto hushuka kama nyuzi 6, na sisi huku ziwani tuko mita 1,100 na ushei tu.

Nilipanda mwezi huohuo na wenzangu wa Kondele. Tuliondoka kambini saa tisa usiku, theluji imeganda, njia inateleza kama kigae kilichomwagiwa mafuta. Nilivaa jinzi. Ilipolowa haikukauka tena, miguu ikafa ganzi. Mwenzetu akaanza kutapika na kichwa kikimpasuka, ila alinyamaza kwa aibu hadi akayumba. Kiongozi alimteremsha papo hapo (Mungu ambariki yule mzee), na huko chini akapata nafuu.

Vijana, bebeni nguo za sufu, glavu, tochi ya kichwani. Ongezeni siku moja ya kupumzika njiani mwili uzoee hewa ya huko juu. Na kichwa kikiuma, semeni mapema.