Nimemaliza Dozi, Sijasema Nimepona

Siku ya dripu yangu ya mwisho, nesi alichomoa kanula, akanibandika pamba na plasta, akasema, "Haya mama, dozi umemaliza. Kliniki baada ya miezi mitatu." Basi. Nikavaa kandambili zangu, nikatoka nje pale Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, nikasimama kidogo nipigwe na upepo wa bahari. Sijafika hata Posta, kundi la WhatsApp la familia limeshajaa: "Mungu mkubwa, dada amepona!" Jioni mweka hazina akaleta hesabu ya michango, akawashukuru wote, akalifunga kundi.

Wala sikatai sherehe. Pilau la shukrani nililila, tena sahani ya pili. Ninachogomba nacho ni hilo neno "amepona".

Sisi tumelelewa na malaria. Vidonge 24 vya dawa ya mseto, siku 3, ya 4 umerudi kazini. Dozi ikiisha, ugonjwa umeisha. Saratani haina adabu hiyo. Yangu ya titi ni ile inayolishwa na homoni, kwa hiyo kila usiku nameza kidonge cha tamoksifeni kinachozuia homoni isiilishe, na nimeambiwa nitakimeza miaka 5, kwa sababu huenda kuna chembe imejificha mahali ambapo kipimo hakiioni. Sasa aliyepona anameza dawa miaka 5 ya nini? Shangazi ananiambia nikiri uponyaji kwa imani. Naamini, shangazi. Ila mimi na imani yangu tunakwenda kliniki pamoja.

Mizunguko ya dripu ilikuwa 8, kila mmoja siku 21. Minne ya kwanza ilikuwa ya ile dawa nyekundu, ambayo ukienda chooni na mkojo nao unatoka mwekundu kama juisi ya rozela (nilikuwa nimeonywa, lakini siku ya kwanza nilipiga kelele hadi jirani akaja kugonga mlango). Mateso yalikuwa na ratiba. Siku za mwanzo natapika. Wiki ya pili chembe nyeupe za damu zinashuka, hakuna kupanda daladala, hakuna kachumbari, na joto likigonga 38 ni kukimbizwa hospitali usiku huohuo. Wiki ya tatu napata nafuu, napima damu, tunaanza upya. Wifi alijua siku ya uji wa ulezi bila kukumbushwa. Mdogo wangu alijua siku ya kunisindikiza.

Ratiba ilipokwisha, watu nao wakaenda nayo.

Ganzi imebaki. Mizunguko minne ya mwisho ilikuwa ya paklitakseli, na hiyo inaumiza mishipa ya fahamu kwenye ncha za vidole. Juzi nilihangaika na kifungo cha blauzi, kile kidogo cha shingoni. Kidole kinakishika lakini hakipati habari. Nikasogea kwenye kioo nikiongoze kwa macho, kikaponyoka, nikakishika tena, kikaponyoka. Mwisho nikavaa dera. Daktari anasema ganzi huchukua miezi, wakati mwingine zaidi. Nywele zinaota, laini kama za kichanga, na kanisani watu wanazipapasa bila hata kuomba.

Marekani wana kengele ya kumaliza matibabu. Ilianza 1996 pale MD Anderson, Houston, kwa afisa wa jeshi la wanamaji aitwaye Irve Le Moyne. Alimaliza mionzi, akaigonga kengele ya shaba kama desturi ya wanamaji kazi inapokamilika. Hapo namwelewa kabisa. Alitangaza kwamba kazi imekamilika. Hilo hata mimi ningeligongea kengele, na kwa nguvu.

Kwa hiyo ukikutana nami, niambie "hongera kwa kumaliza", nitaipokea kwa mikono miwili yenye ganzi. Halafu niulize kliniki ni lini.

Wifi yangu, najua unasoma hapa. Ni Jumatano, saa moja asubuhi. Njoo na vile vitumbua vyako.