Barua za Biji

Biji alipofariki alituachia mkebe wa biskuti uliojaa barua. Biji ndivyo tulivyomwita nyanya yetu. Ni bibi-ji iliyofupishwa, na bibi hiyo ni jamaa ya bibi ya Kiswahili. Barua zilitoka kwa dada yake, kijijini karibu na Jalandhar, huko Punjab, India, karatasi nyembamba za buluu zilizosafiri kwa ndege hadi Kisumu. Nilikaa nazo sakafuni mchana kutwa. Kipunjabi nimekinyonya kwa mama, lakini katika barua zile sikuweza kutambua hata jina la Biji lilipoandikwa. Nilikuwa na miaka 43.

Sisi Makalasinga wa Kisumu tuna lugha tele mdomoni: Kipunjabi nyumbani, Kiswahili sokoni, Kijaluo na majirani, Kiingereza darasani. Kalamu tulipewa ya Kiswahili na ya Kiingereza tu. Kipunjabi kikabaki cha jikoni. Tukiandikiana kwenye simu tunatumia herufi za Kilatini, kila mtu na tahajia yake, na hata gurdwara, nyumba yetu ya ibada, siku hizi sala huonyeshwa ukutani kwa herufi hizo hizo ili tusiojua tufuate. Najua nia ni njema. Bado naamini tabia hii inatuibia lugha.

Chukua neno moti. Ulimi ukigusa meno, ni lulu. Ukikunjwa nyuma ukagusa paa la kinywa, ni mwanamke mnene. Gurmukhi, mwandiko wetu wa Kipunjabi, ina herufi mbili kwa sauti hizo, ਤ na ਟ, kwa hiyo ਮੋਤੀ na ਮੋਟੀ hazigongani kamwe. Kilatini kina t moja. Binamu yangu alimwandikia binti yake, aliyekulia ng'ambo, neno hilo kwa mapenzi, na mtoto akakaa na uchungu siku nzima kabla ya kupiga simu kuuliza. Watu wa Mombasa watanielewa upesi, maana Kimvita nacho kina t mbili ambazo tahajia sanifu haizionyeshi. Halafu kuna pata: ਪਤਾ ni anwani, ਪੱਤਾ ni jani, na kinachozitenganisha ni kialama kama hilali juu ya mstari, kiitwacho addak, kinachokuambia ukaze sauti inayofuata.

Nilianza kujifunza Jumapili, baada ya darasa la watoto, kwenye viti vyao vifupi. Herufi za msingi ni 35, na ndiyo sababu zinaitwa painti, yaani thelathini na tano. Guru Angad, kiongozi wa pili wa dini yetu Makalasinga, ndiye aliyezipanga zikatulia katika karne ya 16. Masomo ya mwanzo hutumia maneno yasiyo na alama za irabu, na neno la kwanza nililolisoma peke yangu lilikuwa na herufi tatu: ਕਲਮ. Ka, la, ma. Kalam. Kalamu! Nililisoma tena na tena kwa sauti, mwalimu akaniacha.

Lakini iliyonitikisa ni ਘ. Vitabu huieleza kuwa ni g yenye pumzi. Nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kumtamka farasi, ਘੋੜਾ, kwa g. Tunaanza na k, na sauti inashuka chini. Mjeledi, ਕੋੜਾ, nao unaanza na k, ila sauti haishuki. Kumbe lugha yetu ina toni, kama Kijaluo cha majirani zetu, na ile pumzi ya kale ndiyo iliyogeuka kuwa mshuko wa sauti. Herufi imebaki kushuhudia matamshi yaliyokwisha kuhama. Miaka yote hiyo nilikuwa nikitenganisha farasi na mjeledi bila kosa, na sikujua kwamba nafanya hivyo. Hakuna aliyeniambia, kwa sababu hakuna aliyenifundisha kuandika.

Ndiyo maana siafiki mtu mzima apewe kitabu cha watoto chenye picha za matunda. Mtoto wa Jumapili anajifunza neno na herufi kwa pamoja. Sisi maneno tunayo. Wengi wetu tuna sala ya alfajiri, Japji Sahib, kichwani neno kwa neno. Muwekee mtu mzima ukurasa wa sala hiyo mbele yake, aikariri huku akifuata kwa kidole, na herufi zitaanza kujitambulisha zenyewe. Mimi ilinichukua wiki sita. Mwandiko wa mkono wa dada yake Biji, hilo lilinichukua mwaka mzima.

Barua zenyewe zinazungumza bei ya ngano, nyati wa maziwa aliyezaa, mvua iliyochelewa. Karibu kila moja inaomba picha ya watoto. Katika mojawapo ananiulizia mimi, kama nimeanza kutembea.

Chini kabisa ya mkebe kulikuwa na barua za babu, na hizo bado zimenishinda. Babu alisoma shule ya serikali huko Punjab kabla India haijagawanywa mwaka 1947, na shule hizo zilifundisha kwa Kiurdu. Biji alifundishwa Gurmukhi gurdwara. Basi mke na mume walizungumza lugha moja na kila mmoja akaandika kwa herufi zake, Biji kutoka kushoto, babu kutoka kulia. Kipunjabi cha herufi hizo za Kiajemi huitwa Shahmukhi, na Pakistan, kwenye wazungumzaji wengi zaidi kuliko India, mamilioni wamemaliza shule kwa Kiurdu na Kiingereza bila kufundishwa kuandika lugha ya mama zao. Nikiwaza hilo nahisi uchungu ule ule wa siku ya mkebe.

Jirani yangu amesoma madrasa tangu utotoni, na tenzi za kale za Kiswahili anazisoma kwa herufi za Kiarabu. Wiki iliyopita nilimpelekea barua moja ya babu. Herufi nyingi anazijua. Ile te yenye ط ndogo juu yake hajawahi kuiona. Yeye anasoma bila kuelewa, mimi nasikiliza na kuelewa vipande. Alikwama mstari wa tatu, akarudia silabi polepole, akanitazama.

"Ki-su-mu," alisema. "Hapa pameandikwa Kisumu."