Kidonda cha Bandia Hutambulika Ukingoni

Wengi wanaoanza kutengeneza vidonda vya bandia kwa ajili ya maigizo, sherehe za mavazi au mafunzo ya huduma ya kwanza huhangaikia damu, ilhali mtazamaji huliamini au kulikataa jeraha kwa kuangalia ukingo wake. Silikoni, ule mpira laini unaoundiwa kidonda, ikiwa na ukingo mnene huweka kivuli juu ya ngozi, na kivuli hicho hakifichiki hata ukimwagia damu kikombe kizima.

Anza na kigae laini kilichopakwa mafuta ya mgando kidogo sana. Weka katikati silikoni kiasi cha kijiko cha chai, kisha ivute kuelekea nje kwa kijiti cha aiskrimu, ukikaza mkono kadiri unavyosogea pembeni, mpaka libaki tabaka jembamba linaloonyesha rangi ya kigae chini yake. Kabla haijashika, pasua katikati kwa ncha ya kijiti na uinue kidogo midomo ya mpasuko. Kidole kilicholowa maji ya sabuni kitausawazisha bila kunata.

Silikoni iliyo rahisi kupatikana Kariakoo ni ile ya mafundi wa vioo na aluminiamu. Inayonuka siki hutoa asidi inapokauka, kwa hiyo isipakwe kamwe mwilini ikiwa mbichi. Iachwe kigaeni, mahali penye hewa, hadi harufu iishe kabisa, na ile ya bafuni yenye dawa ya kuzuia ukungu iachwe dukani. Hata ikikauka, mimi siiruhusu usoni. Uso unastahili silikoni ya platinamu, ya sehemu mbili zinazochanganywa ndipo igande, ambayo mtengenezaji ameitaja kuwa salama kwa ngozi, ingawa ni ghali na ina deko: hukataa kuganda ikigusana na glavu za mpira wa asili au udongo wa kufinyangia wenye salfa, na joto letu huifanya ianze kushika mapema kuliko maelezo ya kopo yanavyoahidi.

Gelatini ni nafuu, nakubali, lakini hulainika kwa joto lisilozidi sana lile la mwili, na kwa fukuto la Februari hapa Dar es Salaam inaweza kuteleza shavuni kabla onyesho halijafika katikati.

Kuhusu rangi nina malalamiko. Vidonda vingi vya dukani vimetengenezwa kwa ngozi nyeupe, na vikibandikwa kwenye mkono mweusi huonekana kama kipande cha soseji. Changanya mwenyewe kahawia, nyekundu, manjano na chembe ya buluu, kwa rangi za silikoni au za mafuta, kwa kuwa za maji hazichanganyiki na silikoni. Kisha ulinganishe na mahali hasa utakapobandika, maana ngozi ya ndani ya mkono na ya nje hazifanani. Ndani ya mpasuko weka wekundu uliokolea, karibu na zambarau.

Gundi nyingi za kawaida hazishiki silikoni, na supaglu isikaribie ngozi. Tumia gundi iliyotengenezwa kwa kazi ya mwilini, uijaribu siku moja kabla upande wa ndani wa mkono, na wakati wa kubandua upitishe mafuta yaliyoruhusiwa na mtengenezaji wake polepole chini ya ukingo, bila kuvuta kwa nguvu.